Dawa ya mafua leo, taabu ya mkojo kesho

MSOMAJI, hebu fungua kabati la jikoni au droo iliyo kando ya kitanda chako. Huenda ukakuta karatasi yenye vidonge vinne au vitano vya antibiotiki. Vilibaki mtoto alipougua koo, au baba alipopatwa na mafua. Vimewekwa ili siku jirani atakapobisha hodi akilalamika kuwa mkojo unamchoma, apewe viwili vitatu ajaribu.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Lakini akiba ya aina hii inaweza kuiponza familia nzima.

Ugonjwa wa njia ya mkojo huwasumbua zaidi akina mama na wasichana. Sababu ni ya kimaumbile. Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu cha mwanamke una urefu wa kama sentimita 4 tu, ilhali wa mwanamume hufikia sentimita 20 hivi. Safari ya bakteria hadi kibofuni basi ni fupi. Aghalabu mkosaji huwa ni bakteria aitwaye E. coli, ambaye huishi matumboni mwetu sote bila kutudhuru. Madhara huanza anapotoka huko na kupanda mrija wa mkojo.

Hapo ndipo mafua yanapoingia katika kisa hiki. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Ukimeza amoksilini kwa ajili ya mafua, dawa haitayagusa, lakini itawafikia bakteria wa tumboni. Wale dhaifu watakufa. Wale wachache wenye uwezo wa kuihimili watabaki na shamba lote liwe lao. Wakipata mazingira mazuri, E. coli hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi, kiasi kwamba mmoja anaweza kuzaa zaidi ya milioni 2 kwa saa saba. Isitoshe, bakteria hupeana jeni za usugu, hata wasipokuwa wa jamii moja.

Watafiti wamegundua kuwa usugu huo unaweza kudumu mwilini hadi miezi 12. Kwa hivyo, mwanamke aliyemeza antibiotiki za mafua mwezi Machi anaweza kuugua njia ya mkojo Agosti, na dawa ikashindwa.

Je, hali ikoje kwetu? Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda uliwapima zaidi ya wagonjwa 7,000 wenye dalili za ugonjwa huu. Ni kama thuluthi moja tu waliopatikana na bakteria katika mkojo. Miongoni mwa hao, karibu nusu walikuwa na bakteria waliozishinda dawa za aina kadhaa.

Onyo hili si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa mfano katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Bwana mmoja anaumwa koo, ananunua penisilini na kumeza kidogo. Bakteria hawafi, bali wanazoea dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapopatwa na nimonia, penisilini haifui dafu, naye anafariki.

Ufanye nini basi? Mkojo ukikuchoma, au ukienda haja ndogo mara kwa mara, nenda kliniki upimwe kabla ya kumeza chochote. Maabara inaweza kuotesha bakteria wa mkojo wako na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Kazi hii huchukua siku mbili tatu na hugharimu zaidi ya vidonge vya kuokoteza, lakini huonyesha dawa itakayofaa. Daktari akikuanzishia dawa mapema, ifuate kama alivyoagiza, wala usimgawie mtu.

Ukipatwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje kesho. Huenda ugonjwa umefika kwenye figo. Mama mjamzito naye asipuuze hata dalili ndogo, kwani maambukizi haya yanaweza kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati.

Nyumbani, kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo kwa muda mrefu, na uwafunze wasichana kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Mafua nayo yapewe mapumziko na vinywaji vya moto.

Na vile vidonge vya kabatini? Virudishe kwa mfamasia akusaidie kuviharibu. Jirani akibisha hodi, usimpe dawa. Msindikize kliniki.