Nyumba haiuzwi barazani

Wengi wetu tumewahi kuona nyumba ikiuzwa hivi. Muuzaji na mnunuzi wanakaa barazani. Fedha zinahesabiwa. Mwenyekiti anaitwa, anapiga muhuri kwenye karatasi, basi. Mwaka wa pili mtoto wa muuzaji anarudi kutoka mjini, au mke aliyekuwa kwao anarejea, na ugomvi unaanza. Mnunuzi anatoa karatasi yake. Kumbe karatasi ile haina nguvu.

Kwa nini haina nguvu? Tuangalie sheria ya hapa Tanzania. Nyumba umeijenga mwenyewe. Lakini ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe una haki ya kuitumia. Katika kijiji, ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa hiyo unapouza nyumba pamoja na kiwanja chake, unahamisha haki ya ardhi, na Halmashauri lazima ikubali. Tunasema Halmashauri, yaani kikao cha wajumbe kilichoandikwa katika muhtasari. Mwenyekiti ni mtu mmoja. Muhuri wake peke yake si kikao, hata kama ni mtu mwema sana. Mnunuzi akitoka nje ya kijiji, jambo hili ni kubwa zaidi.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume kuuza nyumba ya familia bila mke kukubali. Mke naye hawezi kuiuza bila mume. Haidhuru jina la nani limeandikwa. Wako wanaume watakaosema, "Nyumba nilijenga mimi, yeye atasema nini?" Atasema mahakamani, na mnunuzi ndiye atakayehangaika. Basi wewe mnunuzi usione haya. Omba kuzungumza na mama mwenye nyumba. Asikie bei, atie sahihi yake. Kama bwana ana wake wawili, aulizwe yule anayeishi katika nyumba ile, wala si yule anayependwa zaidi.

Nyumba ya marehemu ina mambo yake. Kaka mkubwa hana ruhusa ya kuiuza kwa sababu tu ni mkubwa. Anayehusika ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na anayo barua. Iombe, uisome. Kisha uliza warithi wako wangapi, na kama wote wana habari.

Kabla ya kutoa fedha, tembelea kiwanja mchana. Waite majirani wa pande zote nne, mzunguke pamoja. Uliza mpaka ni minyaa ile au ule mwembe. Uliza maji ya masika yanapita wapi, na njia ya kisimani ni ya nani. Kama kuna makaburi, ulizeni mapema nani ataendelea kuyatunza. Majirani wanajua mengi kuliko muuzaji atakavyosema!

Muuzaji akiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, tazama hati yenyewe. Akileta kivuli, muulize hati iko wapi. Pengine imewekwa rehani kwa mkopo. Nenda masjala ya ardhi ya kijiji, utazame jina lililoandikwa kule.

Haya, sasa kuandikishana. Wengine husema, "Huyu ni shemeji yangu, tutaandikiana vipi?" Andikianeni. Shemeji atakufa, nawe utakufa, na watoto watabaki na karatasi. Mnaweza kuandika hivi:

"Mimi ........ wa kijiji cha ........ nimemwuzia ndugu ........ nyumba yangu ya vyumba vitatu, yenye bati 20, pamoja na kiwanja chake. Mashariki kimepakana na ........, magharibi na ........, kaskazini na ........, kusini na ......... Bei ni shilingi 4,000,000 (milioni nne). Leo nimepokea shilingi 3,000,000 (milioni tatu). Zimebaki shilingi 1,000,000 (milioni moja), zitalipwa tarehe ......... Mnunuzi atahamia tarehe ......... Minazi iliyomo kiwanjani imeuzwa / haikuuzwa. Mke wangu / mume wangu amekubali, na ametia sahihi hapa chini. Halmashauri ya Kijiji imekubali katika kikao cha tarehe ........."

Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja ni rahisi kuongezwa. Pasipojazwa, pigeni mstari. Na wewe uliyesoma kisomo, usitie dole gumba tena. Soma karatasi yote kwa sauti mbele ya mashahidi, ndipo uandike jina lako. Mtu akikuharakisha, akisema gari linamngoja, mwache aende na gari lake.

Muuzaji naye awe macho. Wengi huuza wakati wa njaa au ugonjwa, na mnunuzi anajua. Ulizia bei za nyumba nyingine kwanza. Usikabidhi hati kabla ya kupokea senti ya mwisho, na kila fungu la fedha liandikiwe stakabadhi. Kijiji kikitoza ada, dai risiti.

Ugomvi ukitokea, anzeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kuwapatanisha. Nendeni na mashahidi wale wale waliotia sahihi.

Andikeni nakala tatu: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, moja ya ofisi ya kijiji. Ya kwako ifunge katika mfuko wa nailoni, uitie ndani ya sanduku la bati. Usiichomeke darini. Panya hawajui kusoma.