Miaka 45 na jembe mkononi: shamba si adhabu tena

Kila kijiji cha Kasongo na Kabambare kiko na mtu huyu. Aliondoka nyumbani kijana, akaenda kuchimba zahabu upande wa Salamabila, ao akasukuma kinga yenye mizigo mpaka Kindu, ao akafundisha shule miaka mingi kwa mshahara usiotosha hata sabuni. Leo ana miaka 45 ao 50. Magoti yameanza kuuma, watoto bado wanasoma, na kazi ya zamani haimlishi tena. Anarudi kushika jembe. Watu wanamuona, wanasema: «Huyu amekwisha.»

Sisi tuliopita miaka 40 tunataka kusema wazi katika gazeti letu: hajakwisha. Anayerudi shambani katika umri huu, na yule ambaye hakuondoka lakini anakubali kulima kwa njia mpya, wote wawili wanaweza kufika mbali. Kuko sharti moja tu: wasilime kama vijana wa miaka 20. Umri wetu uko na nguvu yake, lakini nguvu hiyo haiko mabegani.

Juu ya nini tunaona haya?

Dharau ya shamba haikuanza jana. Miaka ya 1870, wakati Tippu Tip alifanya Kasongo makao yake, mashamba makubwa ya mpunga yalizunguka mji, na wengi waliolima humo walikuwa watumwa. Kisha Wabelgiji wakaja. Amri ya Februari 1917 ilileta kilimo cha lazima: siku 60 kila mwaka kulima kile Leta inataka. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia siku zikapanda mpaka 120. Maniema yetu ilikuwa moja ya sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba. Aliyekataa alijua gereza na kiboko.

Ndiyo maana wazazi wetu walituambia: «Soma, mwanangu, usiteseke na jembe kama mimi.» Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini jembe lao na jembe letu si moja. Leo hakuna kapita wa pamba anayesimama nyuma yetu. Tukilima, ni sisi tumechagua. Tukiuza pamoja, bei tunaweza kuizungumza. Kwa hiyo aibu ile tuliyoirithi, tuiache. Ilikuwa ya wakati wake.

Zahabu nayo imetufundisha kitu. Pale Namoya, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016. Mwaka 2019 ikasimamisha kazi sababu ya usalama. Kama kampuni yenye mashine inaweza kusimama, mchimbaji mwenye sululu na beseni atasema nini? Hatusemi zahabu ni mbaya. Imesomesha watoto na imejenga nyumba za mabati. Tunasema tu kwamba shimo linapenda kijana, na kila kijana atazeeka.

Lima padogo, palia kwa wakati

Kijana anafyeka hekta nzima, kisha majani yanamshinda. Mtu wa miaka 50 achukue nusu hekta na aishughulikie vizuri. Mpunga wa mlimani unaumizwa sana na majani katika wiki za kwanza. Palizi ya kwanza ifanyike wiki mbili ao tatu baada ya mpunga kuota. Ukichelewa mwezi mzima, mavuno yamekwisha kuliwa na majani, hata kama shamba linaonekana la kijani kibichi.

Panda kwa mistari, kwa kamba na vijiti, sentimeta 30 kati ya mstari na mstari. Kupanda kunachukua muda mrefu zaidi kuliko kumwaga mbegu kwa mkono, ni kweli. Lakini siku ya kupalia jembe linapita katikati bila kukanyaga mpunga, na mgongo unapumzika. Kazi nzito ya kufyeka na kukata miti, wape vijana kwa malipo, ao mfanye kwa zamu: leo shamba langu, kesho lako.

Kazi ya macho na uvumilivu

Kuna kazi ambazo sisi tunaziweza kuliko vijana. Kuchagua fimbo za muhogo ni moja. Pita shambani majani yangali mazima, utafute miti isiyokuwa na majani yaliyojikunja wala mabaka ya manjano. Hayo mabaka ni ugonjwa wa mozaiki. Inzi weupe wadogo wanaueneza, na sisi wenyewe tunaueneza zaidi tukikata fimbo katika mti mgonjwa. Mti mzima ufunge alama ya kamba, na siku ya kupanda ukate fimbo hapo tu, sentimeta 20 mpaka 30 kila moja. Nafasi ya mita moja kila upande inatosha. Kazi hii haiombi franka hata moja. Inaomba mtu asiyekuwa na haraka.

Mungazi ni kazi nyingine ya umri wetu. Wengi wanasema: «Mimi nimezeeka, nitapanda mti kwa ajili ya nani?» Tufanye hesabu. Mungazi wa mbegu bora unaanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Ukipanda na miaka 45, utakata mikungu ya kwanza ukikaribia 49. Mti huo utaendelea kuzaa vizuri miaka 20 na zaidi, yaani wakati ule ambapo mkono wako hautaweza tena kufyeka msitu. Kwa mkulima asiyekuwa na pensheni, hiyo ndiyo pensheni. Nusu hekta inaingiza miti karibu 70, mita 9 kati ya mti na mti. Miaka mitatu ya kwanza, panda karanga ao mpunga katikati, ili shamba likulishe wakati unangoja.

Angalisho moja: usiokote miche iliyoota yenyewe chini ya mungazi bora. Watoto wake hawafanani wote na mama; wamoja watakuwa na mbegu nene yenye nyama kidogo, wengine hawatazaa vizuri. Utajua hasara baada ya miaka minne, na miaka minne kwetu ni mali.

Mazungumzo magumu

Kilimo chenyewe si kigumu kama mazungumzo ya nyumbani. Anayerudi baada ya miaka 15 anakuta ndugu yake analima shamba la baba. Usiende na panga, nenda na wazee. Aliyepanda avune kwanza. Kisha mkubaliane mpaka mbele ya jirani na chifu wa kijiji. Andikeni karatasi, kila mtu atie sahihi ao alama ya kidole. Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, lakini vijijini haki yetu inasimama juu ya ushuhuda wa watu. Na ushuhuda wa kinywa unakufa pamoja na mwenye kuushuhudia. Sisi wa umri wa katikati ndio wa mwisho tuliosikia mipaka kutoka kwa wazee wenyewe. Tusipoandika, watoto wetu watapigana.

Mazungumzo ya pili ni kati ya mume na mke. Baba alipokuwa machimboni, mama ndiye alilima. Anajua sehemu gani inashika maji, sehemu gani imechoka, na mnunuzi gani anadanganya kwenye mizani. Baba anayerudi asijifanye mkubwa wa shamba siku ya kwanza. Kwanza aulize. Tena, tangu marekebisho ya Sheria ya Jamaa ya Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili afanye mapatano. Mama anaweza kuingia kooperative kwa jina lake mwenyewe, na baba kwa lake.

Kooperative ifungue mlango

Kooperative zetu zinafuata sheria ya OHADA iliyopitishwa Desemba 2010, ambayo nchi yetu iliingia ndani yake mwaka 2012. Kooperative ya kawaida inaanza na watu watano. Ile yenye baraza la uongozi inaomba watu kumi na tano. Mkubwa ao mdogo, mwenye gunia mia ao mwenye gunia mbili, kila mwanamemba ni sauti moja. Hiyo ni bahati kwa anayerudi na mikono mitupu: hanunui sauti.

Lakini naye asije mtupu kabisa. Aliyeuza zahabu anajua mizani. Aliyesukuma kinga anajua bei za Kindu na hali ya kila kivuko. Mwalimu anaweza kuandika daftari la ghala bila makosa. Kooperative inayomcheka mtu huyu inatupa mali yake yenyewe.

Na kwa ghala tukumbushane: mpunga ungali shambani usiuzwe. Mkopo wa mfanyabiashara kabla ya mavuno unakula faida yote. Kausha vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo. Uma punje: ikivunjika kwa mlio mkavu, iko tayari kwa gunia, ikibonyea chini ya jino, irudishe juani. Kisha iwekwe pamoja, na iuzwe pamoja wakati bei imepanda.

Mbele ya mvua ya Septemba

Kiangazi, kutoka Juni mpaka Agosti, ni wakati wa kujitayarisha. Mwenye kurudi afanye mambo matatu tu: amalize mazungumzo ya udongo na jamaa, apime nusu hekta na si zaidi, na aingie kooperative kabla ya kutafuta mbegu. Mwenye kazi nyingine asiiache mara moja. Msimu wa kwanza alime chakula cha nyumba, wa pili aongeze cha kuuza.

Nasi tulioko tayari ndani ya kooperative, tuweke jambo hili katika mkutano ujao: ni nani katika kijiji chetu anataka kurudi shambani na anaona haya kusema? Tumwendee sisi, kabla ya Septemba, tukamwonyeshe mahali pa kuanzia.