Je, Wajua? Gari Linapokosa Pumzi Mlimani

Je, wajua kwamba wapo madereva waliolazimika kupanda mlima kinyumenyume? Ilikuwa enzi za Ford Model T, gari lililoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927. Kwa miaka mingi tangi lake la petroli lilikaa chini ya kiti cha mbele, na halikuwa na pampu. Mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta, kama maji yanavyoshuka bombani kutoka tangi la juu ya paa. Mlima ukiwa mkali na mafuta yakiwa machache, pua ya gari iliinuka, kabureta ikawa juu kuliko mafuta, na injini ikazimika. Dereva aligeuza gari, akatia rivasi, akapanda hivyohivyo mpaka juu.

Gari la leo lina pampu ya umeme ndani ya tangi, lakini mlima haujapunguza madai yake. Chukua gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100. Kila sekunde gari hilo linajinyanyua mita moja kwenda juu. Kunyanyuka huko peke yake kunataka kilowati 12 hivi, yaani nguvu farasi 16, mbali na kupasua upepo na kuzungusha matairi. Nguvu hiyo inatoka kwenye petroli na hewa: kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7 ili iungue vizuri. Kwa lita, petroli lita moja inameza hewa lita 9,000 hivi ukiwa pwani.

Nimetaja pwani kwa makusudi. Ukipanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 10, na injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita thelathini na kitu. Kwa hiyo gari dogo likishusha mwendo kidogo njia hiyo, halina ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapokanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari badala ya kuvuta linakohoa.

Barabara hiyohiyo ndiyo iliyonifunza. Tambarare gari langu lilikuwa linakimbia bila shida. Likianza kona za kupanda milima ya Usambara, linalegea. Gereji ya kwanza walibadilisha plagi nne, halafu koili. Nikalipa, nikaondoka, na kona zilezile zikanishinda. Fundi wa pili, mzee mtulivu, hakufungua kitu. Aliunga geji kwenye njia ya petroli, akaifunga kwenye waipa nje ya kioo, maana petroli haiingizwi ndani ya gari, akaniambia, "Twende tukapande nalo, mwanangu. Hapa gereji gari halisemi kitu."

Tambarare geji ilisoma PSI 44, na haikutikisika. Tulipoingia mlimani nikakanyaga. Mshale ukaanza kushuka: 40, 35, 30. Ulipofika 25 gari likaanza kukohoa. Hapo hatukuhitaji kubahatisha tena. Tuliporudi alinyanyua kiti cha nyuma, akachomoa pampu, akanionyesha chujio lake, kitambaa laini kama cha kuchujia chai. Kilikuwa kimeganda tope jeusi la kutu na vumbi. Niliwahi kununua petroli ya madumu, na kilichokuwa ndani ya dumu kilikuwa kimeishia pale. Kwenye tambarare injini inataka mafuta kidogo, na kidogo hicho kilipenya. Mlimani inataka mara kadhaa ya hapo, na matundu ya kutosha hayakuwepo. Chujio jipya lilikuwa rahisi kuliko plagi zote nne.

Plagi na koili nazo huumwa kweli, na sababu ya kuonyesha udhaifu mlimani inapendeza kuijua. Ukikanyaga sana, hewa nyingi inagandamizwa ndani ya silinda, na cheche hupata shida kuruka katikati ya hewa iliyobanwa. Koili iliyochoka inatoa moto ukiwa umesimama, mlimani inamisi. Hapo gari linatetemeka na taa ya injini inawaka na kuzimika. Ukiiona inapepesa hivyo, punguza mguu mara moja. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega ya kusafishia moshi kwenye eksozi, na joto lake linaweza kuyayeyusha. Masega yakiziba, moshi hauna pa kutokea, na pasipo nafasi ya moshi kutoka, hewa mpya haiingii. Nimeona watu wakinunua pampu mbili kwa ugonjwa wa masega.

Klachi iliyochoka ni rahisi zaidi kuitambua: injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo hauongezeki. Breki iliyong'ang'ania nayo hujitaja; rimu moja inakuwa ya moto kuliko nyingine. Na mshale wa joto ukikaribia alama nyekundu, egesha, zima injini, usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa.

Usiendeshe tangi likiwa karibu tupu kila siku, kwa kuwa pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Na ukienda gereji, mweleze fundi gari linalegea ukiwa gia ya ngapi, mwendo gani, injini ikiwa baridi au moto. Kisha mwombe mpande wote mlima, na geji ikiwa imefungwa, kabla hujatoa hela ya kifaa chochote.