Mwanao anapokwenda kulenga shabaha
Nchini Marekani raia huruhusiwa kununua bunduki kuukuu za jeshi, kama M1 Garand iliyopokewa jeshini mwaka 1936, na baadhi ya wazazi huenda na watoto wao kuzilengea shabaha. Mzazi, mwanao akialikwa huko, mkumbushe haya. Avae miwani na vikinga masikio kabla ya risasi ya kwanza. Mtutu uelekee shabaha daima, na kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka awe tayari kupiga. Risasi za zamani huweza kuchelewa kulipuka: bunduki ikikataa kulia, asiifungue wala asigeuke nayo, aielekeze palepale, ahesabu angalau sekunde 30. Mwisho anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani vumbi la madini ya risasi ni sumu kwa mtoto.