ACHA KUANDIKA "TAMU SANA": ONJA KWANZA, NDIYO UUZE

Mfanyabiashara mwenzangu, kabla hujaposti bidhaa ya kula leo, fungua simu yako uangalie matangazo yako kumi ya mwisho. Hesabu neno "tamu sana" limetokea mara ngapi. Mimi nilipohesabu ya kwangu nilipata nane. Na moja kati ya hizo nane ndiyo iliyonila.

Ilikuwa hivi. Nauza matunda na vyakula visivyopatikana kila kona hapa Dar: vitu vya Unguja, vya Lushoto, vya Kusini. Msimu mmoja wa doriani nikamtuma mtu Soko la Darajani, Unguja, aninunulie doriani 12 kwa 9,000 kila moja. Usafiri mpaka mlangoni ukala 20,000. Jumla 128,000. Nikapiga picha nzuri, nikaandika: "Doriani la Zanzibar, mfalme wa matunda, TAMU SANA, 18,000 tu, wahi!" Ndani ya masaa matatu yote 12 yakawa na wenyewe. Nikajipigia hesabu: 216,000 kutoa 128,000, faida 88,000. Nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake simu haikunyamaza. Mmoja anauliza kwa nini nimempelekea tunda lililooza. Mwingine anasema nyumba nzima inanuka gesi, wapangaji wenzake wamegonga mlango. Bodaboda naye ananilalamikia kuwa abiria wake wa mchana amekataa kupanda. Dada mmoja wa Tegeta akapiga picha ya ujumbe wangu, akaitupa kwenye grupu la mtaa wao na maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Watu watano nikawarudishia hela. Tano mara 18,000 ni 90,000. Faida yote ikaisha, na 2,000 ya mfukoni juu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye somo: hakuna doriani hata moja lililokuwa limeoza. Yote yalikuwa mazima, yameiva vizuri. Doriani ndivyo linavyonuka. Kule Singapore, watu wanakolipenda kweli kweli, ni marufuku kupanda nalo treni za abiria. Kosa halikuwa la tunda. Kosa lilikuwa langu: niliuza kitu ambacho mwenyewe sijawahi kukionja, nikakisifia kwa neno lisilosema chochote.

TUNA MANENO, HATUYATUMII

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mdomoni. Kuna utamu, uchungu, uchachu na ukali. Kuna ugwadu, ile chachu ya embe bichi inayokufanya ufumbe jicho. Kuna ukakasi, ule unaoufanya ulimi ukaze kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Kuna chapwa, kitu kisicho na ladha ya kueleweka. Kuna kukolea, kunata, kulainika, kumung'unyika. Bibi yako anayajua yote haya. Wewe unaandika "tamu sana" kwa ubuyu, kwa jibini, kwa juisi ya ukwaju. Mteja atajuaje tofauti?

Baada ya hasara ile nikajiwekea sheria: hakiingii kitu kwenye ukurasa wangu kabla hakijapita mezani kwangu. Nawaita watu watatu: mwanangu wa miaka tisa, jirani yangu ambaye ni mama mtu mzima, na mtu mmoja ambaye hajawahi kukila kitu hicho. Kila mtu anasukutua kwa maji, ananusa kwanza, anaonja kidogo, na neno la kwanza linalomtoka naliandika kama lilivyo. Usilipambe. Neno la kwanza la mtu ndilo neno la kwanza la mteja wako.

Haya ni baadhi ya niliyoyaandika.

1. SHOKISHOKI
Tunda la nywele nyekundu au za manjano, linapatikana sana Unguja. Hata jina lake la Kimalay, rambutan, linatokana na neno la nywele. Ukilipasua, ndani kuna nyama nyeupe yenye maji, tamu na ugwadu kwa mbali. Mwanangu alisema: "Kama zabibu kubwa iliyovaa sweta."
Ukweli wa kumwambia mteja: nyama huwa inang'ang'ania kokwa, usitegemee kuitoa safi. Na zile nywele hunyauka na kuwa nyeusi baada ya siku chache wakati ndani bado kuzima kabisa. Usiposema mapema, atakutumia picha akidai umempa mzigo mbovu. Mimi sasa naposti picha mbili: la leo asubuhi na la juzi, yote yamepasuliwa, ndani ni sawasawa. Malalamiko yameisha.

2. BUNGO
Watu wa Unguja, Pemba na Tanga hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: ganda gumu kiasi, ndani mbegu nyingi zilizovishwa nyama ya rangi ya machungwa. Unaloweka, unafikicha, unachuja, unatia sukari, ukipenda na iliki. Juisi yake ni nzito, ina uchachu unaoamka nyuma ya ulimi halafu utamu unafuata. Jirani yangu alisema: "Hii inakata kiu, soda haioni ndani."
Tahadhari: juisi isiyo na dawa ya kuhifadhi huanza kuchachuka haraka kwenye joto letu. Niliwahi kusahau chupa sita nje ya friji, kesho yake vifuniko viliruka kama fataki. Tumia maji yaliyochemshwa, andika tarehe na saa ya kutengeneza, na usimpelekee mteja wa mbali bila boksi la barafu.

3. BIBO
Tunda la mkorosho, lile linaloshika korosho kwa chini. Wengi wanaijua korosho tu, bibo hawajawahi kuliona. Lina maji mengi, utamu upo, harufu yake inajaza chumba, lakini ukakasi ndio unaokukaribisha. Mgeni wetu wa siku ile alikunja uso, akasema: "Limenikaba ulimi." Tukakata vipande, tukanyunyizia chumvi kidogo, akamaliza bakuli.
Hili nalo lina mambo yake. Linabonyea upesi, kwa hiyo uza siku ileile au usiuze. Maji yake yanaacha doa kwenye nguo, mwambie mteja. Na kama linakwenda na korosho yake mbichi, mwonye asiing'ate: ganda lake lina mafuta yanayounguza mdomo na ngozi. Bora uitoe kabisa kabla ya kufunga.

4. JIBINI
Hapa ndipo wengi wanapoogopa. Wanadhani jibini ni ya kutoka Ulaya tu. Hapana. Lushoto, kule Irente, wanatengeneza jibini shambani na wageni wananunua palepale. Njombe zinatoka za mtindo wa Kiitaliano. Wenzetu wa mashariki ya Kongo wana jibini ya Goma, inayotoka kwenye malisho ya milima ya Masisi, na ni biashara kubwa ya watu wadogo.
Tulionja aina mbili. Ya kwanza mbichi, nyeupe, laini: ladha ya maziwa, chumvi kidogo, karibu na chapwa. Mwanangu alimaliza. Ya pili ngumu, ya manjano, imekaa miezi: chumvi imekolea, ina ukali wa mwisho na harufu nzito. Jirani alinusa akasema, "Hii si soksi hii?" Akaonja, akanyamaza, akaomba kipande kingine. Tulipoikwangua juu ya chapati ya moto ikayeyuka, hapo mjadala ukaisha.
Somo la kuuza: usiseme "jibini" ukanyamaza. Sema ni mbichi au iliyokaa, sema inaliwa na nini. Chapati, mkate, embe lililoiva: hivyo mteja anavijua. Na sema muda wake. Ile mbichi ina maji mengi, ni ya siku chache na lazima ikae kwenye baridi mwanzo mpaka mwisho. Ile ngumu inavumilia zaidi. Kama huna friji ya uhakika, jibini mbichi iache kwanza. Kuumwa tumbo kwa mteja hakurudishwi kwa hela.

5. UBUYU
Usicheke. Tumezoea ule mwekundu wa sukari na iliki mpaka tumesahau unga wenyewe. Onja unga mtupu: mkavu, unayeyuka ulimini, uchachu safi. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kwao kama chakula mwaka 2008, na huko wanautia kwenye uji na juisi. Kwa hiyo uza vyote viwili, lakini usivichanganye kwenye maelezo. Mtu anayetaka unga wa uji ukimpelekea wa sukari na rangi, umempoteza.

6. ULANZI
Huu nilionjea Iringa, sikuuleta Dar, na nitakuambia kwa nini. Unagemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Ukiunywa mbichi asubuhi ni mtamu, mwepesi, unanukia majani. Jioni si ule tena, umeshachachuka na una kilevi. Yaani bidhaa unayoitangaza asubuhi siyo itakayofika kwa mteja. Tena kilevi kina leseni yake. Kuna vitu vya kuvisifia kwa mdomo na kumwelekeza mtu avifuate vilipo. Ukweli huo nao unajenga jina.

USIUZE DAWA KAMA SI DAWA

Jambo moja naomba tuambiane bila kuoneana haya. Stafeli ni tunda zuri: laini, kama pamba iliyoloa, utamu na ugwadu vimekaa pamoja. Linatosha kujiuza hivyo. Lakini ingia mtandaoni uone: "Stafeli, tiba ya saratani." Hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa stafeli linatibu saratani kwa binadamu. Kuna mtu anaweza kusoma tangazo lako akaacha kwenda hospitali. Hiyo faida ya 5,000 utailaje? Sema ladha. Ladha umeionja, unaweza kuisimamia.

Na ukishaanza kusindika na kufunga kwa jina lako, iwe juisi, unga au jibini, mambo yanahamia ngazi nyingine. Tangu 2019 masuala ya usajili wa vyakula yako TBS. SIDO nao wanawasaidia wasindikaji wadogo kujipanga. Nenda ukaulize mapema, usisubiri mzigo ukamatwe.

KADI YA LADHA

Hii ndiyo ninayoijaza kwa kila kitu kabla ya kuposti. Inakili kwenye simu yako:

• Harufu: inanukaje ukifungua tu?
• Neno la kwanza: waonjaji walisema nini?
• Mwisho wake: kinabaki nini mdomoni ukishameza?
• Kinaliwaje: kwa nini, kikiwa baridi au moto, kikae siku ngapi?
• Nani hatakipenda?

Swali la tano ndilo linalouza kuliko yote. Najua linatisha. Lijaribu.

Msimu uliofuata nilirudi na doriani. Safari hii nilikuwa nimeshalionja. Nikaandika hivi:

"Doriani limefika. Nakwambia ukweli: linanuka. Ukilifungua ndani, majirani watajua. Lifungulie nje, upepo ulipo. Nyama yake ni nzito kama kastadi, tamu, ina mafuta, na kwa mbali utasikia kitu kama kitunguu. Kuna watu hawalitaki hata bure, na kuna watu wanalisubiri mwaka mzima. Kama hujawahi, usinunue zima, chukua kipande cha kuonja 3,000, nimekifunga kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza."

Nilileta 10 badala ya 12. Saba yaliondoka mazima, matatu nikayakata vipande vya kuonja. Yalichukua siku mbili, siyo masaa matatu. Lakini hakuna aliyedai hela yake. Watu wanne walioonja kipande walirudi kuagiza zima, na ilibidi niagize mzigo wa pili. Mmoja aliandika, "Kweli linanuka kama ulivyosema, hahaha, lete lingine."

Ona alivyosema: kama ulivyosema. Harufu ni ileile iliyonitia hasara. Tofauti ni kwamba safari hii aliijua kabla ya kulipa.

Yule dada wa Tegeta hajarudi mpaka leo. Nilimrudishia hela, nikamwomba radhi, akasoma ujumbe, hakujibu. Ana haki yake. Kila nikijaza ile kadi namkumbuka yeye.

Sasa zamu yako. Chagua bidhaa moja unayouza, ionje leo kama vile hujawahi kuiona, kisha tuandikie hapo chini maelezo yake bila kutumia neno "tamu sana". Nasi tutakuambia kama tumetamani. Na kama una mwenzako anayeuza vya kula, mtumie hii kabla hajaagiza mzigo.