Kufumba na Kufumbua: Msanii wa Kike kama Mpelelezi katika Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Tangu 1960 riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imewapa wasomaji wapelelezi kadhaa mashuhuri, na katika kazi zinazojadiliwa sana na wahakiki kiti cha mpelelezi mkuu kimekaliwa na mwanamume. Makala haya yanaeleza kwamba hali hiyo ina sababu za kifani pamoja na za kijamii. Hoja yake ni kuwa msanii wa kike wa uswahilini, hususan mwimbaji wa taarabu, ana stadi zote za upelelezi isipokuwa moja ambayo sanaa yake imemfundisha kuiepuka: kutaja jina. Wimbo wa Siti binti Saad kuhusu Kijiti unaangaliwa kama mahali ambapo mpaka huo ulivukwa, pamoja na gharama ya kuuvuka.

Utangulizi

Vitenzi fumba na fumbua hutofautiana kwa kiambishi kimoja cha utenguzi, kama ilivyo kwa funga na fungua au ziba na zibua. Riwaya ya upelelezi huishi katika umbali uliopo kati ya vitenzi hivyo viwili. Mhalifu hufumba, mpelelezi hufumbua, na mwandishi hufanya kazi zote mbili huku akijidai hafanyi hata moja. Lakini jamii ya Waswahili ina mafundi wa kufumba ambao si wahalifu: watunzi wa taarabu, waimbaji wa mipasho, wanaochagua khanga kwa kusoma maandishi yake kabla ya kutazama rangi. Wengi wao ni wanawake. Ingetarajiwa kwamba fundi wa kufumba awe pia fundi wa kufumbua, na kwamba riwaya ya Dar es Salaam ingekuwa imemfanya shujaa wake zamani. Kwa nini haikuwa hivyo?

Mwenye kiko na mwenye bastola

Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa 1960. Kutoka hapo Bwana Msa, na kiko chake, alipita katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Uhusiano wake na Sherlock Holmes umesemwa mara nyingi, na hauhitaji kurudiwa. Kinachohitaji kukumbushwa ni ucheshi. Bwana Msa hufurahisha kwa namna anavyomcheleweshea Najum jibu, anavyojibu swali kwa swali, anavyolipa neno dogo uzito usiotarajiwa. Ufunuzi wake ni mchezo wa maneno kabla ya kuwa mchezo wa ushahidi, na kwa hilo yu karibu na mtega vitendawili kuliko na askari.

Hadithi ilipohamia Dar es Salaam mchezo huo ulififia. Faraji Katalambulla, kwa Simu ya Kifo (1965), aliuleta uhalifu katika jiji la simu na polisi. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi anayetumwa na dola, na baadaye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hawa ni watu wa mwendo: magari, hoteli, viwanja vya ndege. Jiji lao ni la katikati ya mji na la barabara zitokazo humo. Mwanamke katika jiji hilo ama ni chambo, ama ni zawadi, ama ni adui aliyejipamba. Nuru, mwenzi wa Joram Kiango katika baadhi ya riwaya za Mtobwa, ndiye anayekaribia zaidi kuwa mpelelezi kamili. Ni jasiri na mwepesi wa kufikiri, lakini usimulizi humtanguliza kwa uzuri wake na kumwachia Joram neno la mwisho.

Ni vema kutaja hapa, japo kwa kupita, kwamba historia ya sanaa ya Kinondoni ina kisa kinachoipinga imani ya riwaya hizo kwa jicho la dola. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 katika eneo la Oysterbay na ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, aliuawa 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka miwili baadaye Willy Gamba alianza kazi, naye hakosei mtu.

Nyumba isiyo na siri

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Kinondoni na 1,368,881 katika Temeke, kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa kutoka humo. Sehemu kubwa ya watu hao, kuanzia Magomeni, Tandale na Mwananyamala hadi Keko, Tandika na Mbagala, wameishi au wamekulia katika kile kinachoitwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo cha wote. Kila chumba kinaweza kuwa na kaya yake. Mara nyingi hakuna dari, na kikohozi cha chumba cha kwanza husikika cha tatu.

Nyumba ya namna hii huiharibu kabisa mbinu moja maarufu ya riwaya ya Ulaya, yaani maiti iliyokutwa katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Tandika hakuna chumba kilichofungwa. Aliyerudi saa nane usiku anajulikana, aliyempikia anajulikana, na aliyeacha kumpikia anajulikana zaidi. Kwa hiyo taharuki haiwezi kujengwa juu ya swali la nani anajua. Hujengwa juu ya swali la nani atasema, kwa nani, na kwa lugha gani. Agatha Christie alilielewa hili kwa kiwango cha kijiji cha Kiingereza alipompa Miss Marple umbeya kama chombo cha kazi. Alexander McCall Smith alilifanya tena Botswana mwaka 1998 kwa Precious Ramotswe. Lakini wazee wa kijiji cha Miss Marple humwambia mambo kwa sababu wanamdharau kidogo. Uani, mambo husemwa kwa sababu msemaji anajua namna ya kuyasema ili baadaye akane kuwa aliyasema.

Hapo ndipo msanii anapoingia. Mpelelezi wa kiume huweza kukaa barazani, lakini akifika uani mazungumzo hugeuka kuwa ya bei ya mkaa. Mwimbaji wa kike huvuka: anaketi uani kama jirani, anapita barazani kama mtu maarufu, anasimama jukwaani kama mtu wa wote. Jukwaani ndiko anakoona kile asichokiona mtu mwingine. Kelly Askew, katika utafiti wake wa Tanga uliochapishwa 2002, ameonesha jinsi hadhira ya taarabu inavyoutumia wimbo: mtu huinuka kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, hutembea mbele ya watu fulani akiwa na noti mkononi, na kwa mwendo huo ubeti huwa wake na hupata mlengwa. Mtunzi hakumtaja mtu. Mwimbaji hakumtaja mtu. Mwenye noti naye hakufungua kinywa. Bado ukumbi mzima umeelewa.

Kwa istilahi za upelelezi, hii ni mashine ya kuzalisha vidokezo. Nani ameinuka, katika ubeti upi, amepita upande gani, nani ameinamisha kichwa, nani ameondoka kabla kiitikio hakijarudi. Mwimbaji pekee ndiye anayetazama hadhira usiku kucha, na ndiye pekee anayeweza kurudia ubeti ili athibitishe alichokiona. Katika miaka ya 1990, ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe, na majibizano ya Khadija Kopa na Nasma Khamis, uliifanya stadi hii kuwa burudani ya jiji zima: watu walikwenda kusikiliza na kubaini nani kaambiwa nini.

Mbali na jukwaa kuna leseni ya utani. Katika msiba wa Mzaramo, mtani wake Mnyamwezi anaweza kuigiza mwendo wa marehemu, kudai madeni yake, hata kuuliza mbele ya waombolezaji ni nani atakayefaidika na kifo hicho. Hakuna inspekta awezaye kuhoji hivyo siku ya mazishi bila kufukuzwa. Mwandishi anayetaka mahojiano yenye kicheko na yenye makali hana haja ya kubuni hila; anapaswa tu kumpa mpelelezi wake kabila linalofaa.

Kijiti

Sanaa hiyo yote husimama juu ya ukanushaji. Nguvu ya mpasho ni kwamba aliyechomwa akilalamika amejitaja mwenyewe. Riwaya ya upelelezi husimama juu ya kinyume chake: lazima jina litajwe, na litajwe na mpelelezi. Hii ndiyo sababu ya kifani iliyodokezwa katika ikisiri. Msanii wa mipasho anapofika sura ya mwisho, kanuni ya sanaa yake inamzuia kufanya jambo ambalo kanuni ya utanzu inamlazimisha.

Upo wimbo uliokwisha kuuvuka mpaka huu, miongo kadhaa kabla ya Bwana Msa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimba kisa cha mwanamke mgeni aliyechukuliwa matembezini na mtu aitwaye Kijiti, akauawa akiwa mjamzito. Laura Fair (2001) amekieleza kisa hicho pamoja na mazingira ya mahakama ya kikoloni Unguja. Wimbo unataja jina la muuaji. Unataja kutoroka kwake kuvuka bahari kwenda Tanganyika, na katika sehemu yake moja sauti inayosema ni ya marehemu mwenyewe, akijutia kukubali kwenda. Kisha unafika mahakamani, ambako hasira ya jaji inawaangukia mashahidi. Muuaji yuko ng'ambo; waliofungwa ni wanawake waliosimama kueleza.

Kimuundo, hiki ni kisa cha upelelezi kilichopinduliwa. Fumbo la nani aliua limefumbuliwa katika ubeti wa kwanza, na kinachobaki kuwa fumbo ni mahakama. Siti hakugundua jambo lisilojulikana, mji ulilijua. Alichofanya ni kulitoa katika hali ya kujulikana na kulitia katika hali ya kusemwa, na santuri ikalibeba mbali kuliko alikofika Kijiti. Kwamba aliacha fumbo katika wimbo huu, ilhali aliimudu lugha ya mafumbo, ni uamuzi wa kisanii wenye kueleweka: mashahidi walikuwa wamekwisha kulipa, na kuficha jina kungemkinga mtu mmoja tu.

Sura ya mwisho

Riwaya ya mwimbaji mpelelezi wa Temeke italazimika kuchagua kati ya njia hizi mbili, na uchaguzi huo ndio utakaoamua kama ni riwaya ya kuchekesha au ya kuhuzunisha. Akifumba hadi mwisho, ukumbi utajua na muuaji atajua, lakini polisi hawaandiki maelezo ya shahidi kutokana na kiitikio. Akitaja, atapoteza ile kinga iliyomwezesha kujua, na hakuna uani utakaomfungulia tena kinywa. Mwandishi mwenye ucheshi wa Muhammed Said Abdulla angeweza kuichelewesha aibu hiyo kwa sura tatu nzuri, mwimbaji akibanwa kituoni Chang'ombe aeleze kwa nathari alichokisema kwa ushairi, na karani akiuliza kila mara, "Huyo uliyemwimba ni nani?"

Linabaki suala la msimulizi. Bwana Msa anamhitaji Najum kwa sababu ujinga wa Najum ndio unaomficha msomaji jibu. Mwimbaji hawezi kusimulia mwenyewe bila kulitoa mapema, na shoga yake wa uani anajua mengi mno. Anayefaa zaidi ni mpiga kinanda: mwanamume, mgeni wa uani, aliyepo katika kila onesho lakini ameketi nyuma, ambako anauona mgongo wa mwimbaji tu na kuhisi, kwa jinsi mabega yake yanavyotulia ghafla katikati ya ubeti, kwamba huko mbele kuna mtu ameinuka.