Fundi Anapoharibu Sakafu: Vumbi Kwanza, Fidia Baadaye

Fundi wa sakafu anaweza kuacha uharibifu wa aina mbili. Wa kwanza huonekana mara moja: ubao uliopasuka, ukuta uliokwaruzwa, msumari uliotoboa bomba la maji. Wa pili ni vumbi, nalo laweza kumdhuru mtoto hata baada ya sakafu kurekebishwa.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki sakafu ni ya saruji, na ikivunjika huzibwa kwa saruji nyingine. Nyumba nyingi za zamani za Louisville, Columbus na Buffalo zimejengwa kwa mbao, na chini ya zulia mna tabaka za miaka mingi: vigae vya plastiki, gundi nyeusi, rangi kuukuu. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika makazi ya Marekani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo huchukuliwa kuwa inayo, mpaka ipimwe. Vigae vya zamani, hasa vya mraba wa inchi 9, pamoja na gundi yake, vinaweza kuwa na asbesto, ambayo huthibitishwa na maabara tu.

Saa za kwanza

Fundi akipiga msasa mbao zilizopakwa rangi ya zamani, au akivunja vigae hivyo, kazi isimame. Watoto na wajawazito watoke chumbani, mlango ufungwe, feni na mashine ya kupasha nyumba joto zizimwe. Picha zipigwe kabla ya kitu chochote kuondolewa. Mazoea ya kushika ufagio mara moja ni mema siku nyingine zote, si siku hiyo: kufagia vumbi kavu hulirusha hewani, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hulitawanya. Vumbi la rangi hufutwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya sabuni, kisha vitambaa hutupwa. Kinachoshukiwa kuwa asbesto hakiguswi mpaka aje mtaalamu mwenye leseni. Mkeka wa kukalia au kulia chakula usitandikwe hapo.

Mtoto aliyemeza vumbi la risasi mara nyingi haonyeshi dalili yoyote mwanzoni, huku madini hayo yakidhuru ubongo wake. Njia ya kujua ni kipimo cha damu. Tangu mwaka 2021, kiwango cha mikrogramu 3.5 kwa desilita ndicho kinachotumiwa kitaifa kutambua watoto wanaohitaji kufuatiliwa. Katika jimbo la New York sheria hutaka kila mtoto apimwe akiwa na umri wa mwaka 1 na tena miaka 2. Baada ya tukio kama hili mzazi asisubiri tarehe hiyo.

Madai

Tangu Aprili 2010, sheria ya taifa humtaka mkandarasi anayelipwa kuvuruga rangi ya zamani katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 awe na cheti cha kazi salama dhidi ya risasi. Ni haki ya mkazi kuomba kukiona. Barua kwa fundi itaje tarehe, uharibifu na marekebisho yanayodaiwa. Nakala ihifadhiwe pamoja na risiti na ujumbe wa simu. Fundi aliyelipwa taslimu kwa kuwa ni jirani au mshirika wa kanisani bado anawajibika. Mapatano ya mdomo ni mapatano, ila ni magumu kuthibitisha.

Akikataa, mahakama za madai madogo hupokea madai ya hadi dola 2,500 Louisville, 6,000 Columbus na 5,000 Buffalo, na mdai anaweza kujitetea bila wakili.

Mpangaji huanza kwa kumwandikia mwenye nyumba, hasa ikiwa ndiye aliyemleta fundi. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Hata hivyo, katika miji yote mitatu sheria humkataza mwenye nyumba kumfukuza mpangaji kwa kulipiza kisasi kwa sababu alilalamika kwa idara ya serikali.

Malalamiko ya makazi hupokewa kwa simu 311, na maswali kuhusu risasi kwa 1-800-424-5323. Mpigaji akitaja neno “Swahili” na kuomba mkalimani, idara ya afya humpatia bila malipo. Mtoto wa shule asitwishwe kazi hiyo.